Namna ya kufunga friji, TV na inveta kwenye lori bila kuua betri wala kuchoma waya

Mwaka juzi niliua betri tatu ndani ya mwaka mmoja na kidogo. Kila nikienda kununua mpya muuzaji ananiambia "hizi za siku hizi hazidumu kaka", nami nakubali, nalipa, nafunga, baada ya miezi mitatu minne naanza tena kuzunguka asubuhi na waya za kubusti pale tunapolaza magari Tabata, naomba dereva mwenzangu aniwashie. Cha ajabu inakufa moja tu. Ile nyingine inabaki hai ila maji yake yanaisha haraka, namwaga maji ya betri kila wiki mbili kama namwagilia mchicha.

Siku moja mzee mmoja fundi umeme, sio hata niliyekua namtafuta, alipita akaniona nimeinama kwenye boksi la betri. Akaniambia, "Kijana, washa gari." Nikawasha. Akatoa mita yake imefungwafungwa tepu, akapima betri zote mbili kwa pamoja, ikasoma 28. Nikamwambia mzee si unaona inachaji vizuri. Hakunijibu. Akapima moja moja. Moja 15.1, ya pili 12.9. Akanigeuzia mita nione mwenyewe, alafu akauliza, "Redio yako umeichukulia moto wapi?" Moto kwa lugha yetu ni umeme.

Hapo ndo nlipoelewa. Lori langu ni Fuso, volti 24, yaani betri mbili za 12 zimeunganishwa kwa mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine. Redio ni ya 12. Fundi aliyenifungia alichomoa moto kwenye betri moja tu, ile ambayo ethi yake, yaani waya wa hasi, inaenda kwenye chasisi, akapata 12 yake ya bure, redio ikaimba, nikamlipa, akaondoka. Baadae nikaongeza chaja ya simu humo humo, alafu feni ndogo, alafu taa za ndani. Betri hiyo moja ikawa inafanya kazi ya nyumba nzima na mwenzake anakaa tu. Jenereta, ile ya kwenye injini inayochaji betri, haijui habari hizo, yenyewe inaangalia jumla, ikiona 28 inaona mambo safi, kumbe moja inapikwa kwa 15 na nyingine inalala njaa kwa 12.9. Ndo maana moja maji yanaisha na nyingine inakufa.

Nimeanza na hii kwa sababu malori mengi nayoyafungua hapa Dar nakuta hivi hivi. Tangu siku ile nlianza kujifunza kwa yule mzee, na sasa hivi nikiwa sina safari nawafungia wenzangu. Ntaeleza nnavyofanya mimi.

ANZA NA KUJUA GARI LAKO

Scania, Howo, Actros, Fuso tandam, hizo ni 24. Canter ndo usiamini mtu, zipo za 24 na zipo za 12, na zipo zilizobadilishwa na mafundi kiasi kwamba hata mwenye gari hajui. Usikisie kwa kuhesabu betri. Betri mbili zinaweza kua zimeunganishwa mfululizo zikatoa 24, au sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zikabaki 12. Chukua mita, hizi za njano za bei rahisi zinatosha, weka kwenye volti za DC, pima mwanzo wa zote na mwisho wa zote. Gari likiwa limezimwa na limepumzika masaa kadhaa, mfumo wa 24 wenye betri zilizojaa unasoma kama 25.4. Ukikuta 24.4 betri ziko nusu. Ukikuta 24.0 kamili usifurahi eti "si ndo 24 yenyewe", hapo zimebaki kama robo. Ukiwasha gari inatakiwa ipande iwe kati ya 27.6 na 28.8 hivi. Ikizidi 29 na kitu regyuleta, inayodhibiti volti za jenereta, ina shida, tengeneza kwanza, usifunge kitu chochote cha maana juu ya gari bovu.

Na ukishapima jumla pima moja moja kama mzee alivyofanya. Zikipishana zaidi ya robo volti hivi wakati gari linachaji, kuna mtu kashachomoa 12 mahali. Fuata waya mpaka umpate.

Halafu kuna tabia nyingine naiona kwa mafundi wa zamani, gari linanguruma anachomoa kichwa cha betri ili ajue kama jenereta inafanya kazi. Injini ikiendelea anasema jenereta nzima. Kwenye magari ya zamani ya pampu ya kawaida ulikua unapona, ila kwenye Scania yenye kontrola za kompyuta, betri ikichomoka ghafla volti zinaruka juu sana kwa muda mfupi na unaweza kuunguza kitu ambacho bei yake utaisikia ukae chini. Mkatalie. Mwambie kwa heshima mzee wangu hapa tumia mita.

PIGA HESABU KABLA YA KWENDA KARIAKOO

Hii watu wanairuka na ndo yenye kila kitu. Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba, wati gawanya kwa volti unapata ampea. Kitu cha wati 240 kwenye gari la 24 kinakula ampea 10. Hicho hicho kwenye gari la 12 kinakula 20. Basi.

Ntakupa mfano wa kabini yangu ilivyo. Friji ndogo ya kompresa inakula kama wati 50 ikiwa inazunguka, ila haizunguki muda wote, usiku tuseme nusu ya muda. Masaa kumi ya usiku hiyo ni wati-saa 250, yaani wati zidisha kwa masaa. Feni ya wati 20 masaa nane, 160. Simu mbili, 30. Taa ya LED, 20. TV ndogo na king'amuzi masaa matatu kupitia inveta, yaani boksi linalogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, pamoja na kinachopotea kwenye inveta yenyewe, kama 145. Jumla inakuja 605. Gawanya kwa 24, unapata kama ampea-saa 25 kwa usiku mmoja, yaani ampea zidisha kwa masaa.

Sasa betri zangu ni za ampea-saa 150, na kwa sababu ziko mfululizo ampea-saa zinabaki 150, hazijumlishwi zikawa 300, hapo wengi wanajidanganya. Na katika hiyo 150 mimi sikubali kutumia zaidi ya theluthi, yaani 50 hivi. Kwa nini? Betri ya kuwashia gari imetengenezwa kwa sahani nyembamba, kazi yake ni kutoa moto mkubwa, mamia ya ampea, kwa sekunde chache stata izunguke, alafu ichajiwe tena. Ukiifanya ya kutazamia mpira usiku kucha mpaka inakauka, ukirudia mara kadhaa imekwisha, hata iwe mpya ya kwenye nailoni.

Kwa hiyo usiku mmoja pale Mikumi niko salama. Ila kuna kule Tunduma, mpakani na Zambia. Kama umewahi kukaa foleni ya Tunduma unajua naongelea nini, injini imezima, jua kali, friji mchana inazunguka zaidi, feni haizimwi, simu zinachajiwa mpaka za jirani kwa sababu ukishakua na inveta wewe ni tanesko ya foleni nzima. Siku moja nzima ya hivyo inakula karibu ampea-saa 50. Yaani siku moja tu na theluthi yangu imeisha. Siku ya pili gari likiambiwa sogea, halisogei. Na betri iliyozeeka haina hata hiyo 150 iliyoandikwa juu, inaweza ikawa na nusu yake. Joto la Dar nalo linachangia, kadri betri inavyokaa kwenye joto ndo inavyozeeka haraka, hili huwezi kulikwepa ila ujue.

Upande wa pili wa hesabu ni jenereta. Angalia kibati chake, imeandikwa. Za Fuso za zamani unakuta 40 au 60, za Scania na wenzake 80, 100. Sasa hiyo namba inatoka injini ikizunguka vizuri, kwenye saileni, yaani injini inanguruma bila kukanyaga mafuta, unapata kama nusu. Toa matumizi ya gari lenyewe, taa kubwa, taa za tela, feni ya kabini, waipa, usiku wa mvua unaweza kukuta gari peke yake linakula 30. Kinachobaki ndo chako, na usikimalize chote. Jaribio langu ni hili, washa gari saileni, washa taa zote, feni ya kabini, na mitambo yako yote, pima kwenye betri. Ikibaki 27 na kuendelea, uko vizuri. Ikishuka chini ya 26.5 ujue jenereta imezidiwa na betri ndo zinalipa deni. Kwenye foleni ya Ubungo au Mandela unaweza ukaendesha masaa mawili ukafika na betri iliyoshuka kuliko ulivyoondoka.

KUPATA 12 KWENYE GARI LA 24

Kwanza angalia nyuma ya chombo. Friji nyingi za magari, chaja za simu nyingi na taa nyingi za LED zimeandikwa 12-24V, hizo unafunga moja kwa moja huna haja ya chochote. Zilizoandikwa 12V peke yake ndo zenye shida, na ukizipa 24 zinatoa moshi kabla hujatoa mkono.

Dawa yake ni konveta, kale kaboksi ka aluminiamu kenye mapezi ya kupozea, waya za 24 zinaingia huku, 12 inatoka kule. Inachukua kutoka betri zote mbili sawasawa, hakuna anayeonewa. Nunua yenye ampea za kutosha na ziada, kama vitu vyako vya 12 vinakula ampea 8 usinunue ya 10, nunua ya 15 au 20, kwa sababu hizi za mtaani namba iliyoandikwa mara nyingi ni ya kuuzia. Ifunge sehemu yenye hewa, sio nyuma ya godoro. Nilikuta moja imefungwa kwenye soksi ili isipige kelele kwenye bodi. Kwenye soksi kabisa.

Kama gari lako ni la Ulaya la miaka ya karibuni chungulia kwanza, mengi yanakuja na konveta yake na plagi ya 12 kutoka kiwandani. Itumie kwa vitu vidogo.

WAYA

Hapa ndo moto unapoanzia, na sizungumzii moto wa betri.

Kosa la kwanza ni waya wa nyumba. Mtu ana kipande cha waya wa 2.5, yaani unene wa milimita za mraba, kilichobaki kwenye ujenzi wa Chanika, anakivuta kwenye lori. Ule ni waya wa uzi mmoja mgumu, umetengenezwa ulale ndani ya ukuta hauguswi. Lori linatetemeka masaa 12 kwa siku, ule uzi unakatika ndani kwa ndani, ngozi ya nje nzima, mgusano unakua nusu nusu na pale panachemka. Tumia waya laini wenye nyuzi nyingi ndogo, wa magari.

Kosa la pili ni waya wa rangi ya shaba ambao sio shaba. Kariakoo imejaa, hasa waya za spika na za amplifaya. Ukitaka kujua kwangua uzi mmoja kwa wembe, ikiwa ndani ni mweupe hiyo ni aluminiamu imepakwa shaba. Inapitisha umeme kidogo kuliko shaba na inaoza haraka kwenye hewa ya chumvi ya huku kwetu. Sio kwamba haifai kabisa, ila mimi sifungi.

Unene wa waya unategemea ampea na urefu, na urefu ni kwenda na kurudi. Mfano, betri ziko nyuma ya kabini, unavuta mita 5 mpaka ndani, unataka ampea 20. Ukitumia 2.5 unapoteza karibu volti 1.4 njiani, hiyo inageuka joto ndani ya waya, na friji itakua inazima na kuwaka inadhani betri imeisha. Ukitumia 6 unapoteza kama 0.6 tu. Kwa hiyo mimi kwa laini kuu ya kabini navuta 6 au hata 10, alafu ndani nagawa kwa waya ndogo kila moja na fyuzi yake. Inveta kubwa ni habari nyingine, hiyo inataka waya kama ya betri, fupi kadri inavyowezekana.

Vuta waya ndani ya bomba la plastiki lenye mikunjo, funga kwa zipu kila baada ya sentimita 30 hivi, na kila unapopita kwenye tundu la bati weka raba. Bati ni kisu. Usipite karibu na silensa wala bomba la taabo, wala usilaze waya juu ya mipira ya breki. Na pale kabini inapoinuka, acha waya ulegee, la sivyo siku ya kwanza ukiinua kabini uangalie oili umeshaikata mwenyewe.

Ethi nayo ni waya, irudishe mpaka kwenye betri au kwenye boliti kubwa safi ya chasisi. Sio kwenye skrubu ya dashibodi. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kaza, alafu paka grisi au vaselini juu. Magari yanayokaa bandarini na Kigamboni ile kutu ya kijani kwenye vichwa vya waya inakuja haraka sana.

FYUZI INAKAA WAPI

Karibu na betri. Sio ndani ya kabini, sio nyuma ya redio. Ndani ya sentimita 20 kutoka kichwa cha chanya. Fyuzi hailindi friji, inalinda waya. Kama fyuzi iko kabini na waya umekwaruzwa huko chini kwenye chasisi, shoti inatokea kabla ya fyuzi, na betri mbili za lori zinaweza kutoa moto wa kuchomelea chuma. Waya unageuka kua hita, ngozi inayeyuka, inashika na majirani zake wote kwenye bomba.

Namba ya fyuzi iwe chini ya uwezo wa waya na juu kidogo ya matumizi yako. Kwa laini ya 6 naweka 30. Tawi la friji 10 au 15. Chaja 5. Usiiongeze eti kwa sababu inakatika katika, ikikatika kuna sababu, tafuta.

Na usichukue moto wa vitu vikubwa kwenye plagi ya kiberiti cha sigara. Ile kwa kawaida ina fyuzi ya 10 au 15, na mgusano wake ni kaspringi tu. Birika la 24 la wati 300 linakula ampea 12.5, na linachukua kama dakika 20 kuchemsha lita moja, muda wote huo kale kaspringi kanapikwa. Wangu uliyeyuka plagi ikaganda ndani, ikabidi nichomoe kwa praizi. Chai lakini nilikunywa.

RILEI, ILI UKIZIMA GARI NA VITU VIZIME

Hii ni kwa vitu usivyotaka viendelee gari likizimwa, taa za ziada, amplifaya, birika. Rilei ni swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa. Nunua ya 24, sio ya 12, zinafanana umbo soma kwa juu. Miguu yake ina namba. 30 inapokea moto mnene kutoka betri kupitia fyuzi, 87 inapeleka kwenye chombo, 86 inapokea kawaya kadogo kutoka kwenye swichi ya ufunguo pale panapowaka ukifungua gari, 85 ethi. Kwa hiyo swichi yako ya dashibodi inabeba moto kidogo tu wa kuamsha rilei, mzigo wenyewe haupiti kwenye ufunguo. Wanaofunga taa za LED za wati 240 moja kwa moja kwenye swichi ya dashibodi ndo hao unawaona swichi imegeuka kahawia.

Friji unataka iendelee usiku, hiyo usiifunge hivyo. Hiyo iwe na kikata-moto cha volti ndogo. Friji nyingi nzuri zinacho ndani, kina hatua tatu, ya chini ya kati ya juu, weka juu. Watu wanaweka chini ili friji isizime zime, sawa, samaki wako watakua na baridi na gari halitawaka.

KAMA UNALALA SANA NJIANI, TENGA BETRI

Ukweli ni kwamba kwa safari za Zambia na Kongo njia pekee ya kulala usingizi ni kutenga betri za nyumba na betri za stata. Unafunga jozi nyingine, sio lazima kubwa, mbili za 100 za sola zinatosha, zile zinazovumilia kushuka chini. Katikati unaweka rilei inayosoma volti, ya 24. Gari likiwaka volti zikapanda kufika kama 26.6 inaunganisha jozi zote mbili zichaji, ukizima volti zikashuka kama 25.6 inaachanisha. Vitu vyako vyote vya kabini vinakula jozi ya pili tu. Zikiisha zimeisha, stata haijui. Weka fyuzi kubwa pande zote mbili za huo waya wa katikati, maana una betri kila upande.

Ila ukitaka betri za lithiamu usitumie rilei hiyo. Lithiamu inavuta bila aibu, itaikamua jenereta mpaka ipate joto la ajabu. Hiyo inataka chaja yake maalum ya kutoka betri kwenda betri inayopunguza ampea.

Kutenga huku kuna gharama, najua, na gari sio lako bosi hataki kusikia. Basi sola. Paneli mbili za wati 100 juu ya kabini, zile za 12 unaziunganisha mfululizo ili zifike volti za kuchaji 24, pamoja na chaji kontrola, siku ya jua unapata kama wati-saa 700 hivi. Ukikumbuka siku ya Tunduma tulihesabu ampea-saa 50, yaani wati-saa 1200, sola inakulipia zaidi ya nusu. Ongeza kuzima TV mchana, betri zako zinamaliza siku nyingine nzima. Ufungaji uwe wa boliti, na juu ya kabini uache nafasi kidogo chini ya paneli hewa ipite.

INVETA

Fupi tu. Nunua ya 24 kwa gari la 24. Kwa TV na laptop ya wati 300 inatosha, chukua ile wauzaji wanaiita pyua, inayotoa umeme laini kama wa nyumbani, zile nyingine za bei chee feni zinanguruma na chaja zingine zinapata moto. Usidanganyike na iliyoandikwa 3000 inayoingia mfukoni. Birika la nyumbani la wati 2000 kwenye inveta linavuta karibu ampea 95 kwenye betri, hapana, nunua mtungi mdogo wa gesi upikie nje ya kabini. Na inveta ikiwashwa tu bila kitu inakula kidogo kidogo usiku kucha, izime kwa swichi yake.

Utingo wangu aliwahi kuniambia, "Suka, si nimechomoa TV, kwa nini betri imeshuka?" Inveta ilikua inawaka kataa ka kijani chini ya kiti.

WEWE WA TANKI LA MAFUTA

Usifunge chochote kati ya hivi. Malori ya kubeba petroli yana utaratibu wake wa umeme, kuna swichi kuu ya kukata betri na waya zake zimelindwa makusudi, cheche moja wakati wa kupakia ni msiba. Chaja ya simu kwenye plagi iliyokuja na gari, basi.

UKIMALIZA KUFUNGA

Zima kila kitu, toa ufunguo, weka mita ya ampea kati ya ethi ya betri na waya wake. Lori lenye traka na redio linaweza kuonyesha 0.05 au 0.1. Ukiona ampea nzima kuna kitu hakijalala, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke, utakijua. Usipige stata mita ikiwa hapo, itaungua palepale.

Alafu endesha, hata Kibaha na kurudi inatosha, ukishuka pitisha mkono kwenye kila kiungo na kila fyuzi. Vuguvugu sawa. Pakikuunguza, hapajakazwa au waya ni mwembamba. Rudia baada ya wiki, mtetemo unalegeza nati ambazo ulikaza mwenyewe.

Siku ukipeleka gari kuchomelea, bodi au tela, toa vichwa vyote vya betri kabla fundi hajashika mashine, na chomoa inveta na kontrola ya sola.

Mwisho andika kwa makapeni juu ya boksi la fyuzi kila moja ni ya nini, na weka akiba mbili mbili za kila namba kwenye dashibodi, kwenye kipakiti cha nailoni. Maana usiku Kitonga fyuzi ikikatika na huna nyingine, najua utafanya nini, utatafuta karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara.